PESA YA KIJIWENI NA PESA YA MCHANGO: MANENO YA UONGOZI WA TAWI KWA WANACHAMA



Haya ni maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi Jumapili. Tumeyaandika ili waliokuwa barabarani, shambani au msibani nao wayapate. Wenzetu wa Kibondo wameomba nakala, kwa sababu jambo lililotukutanisha lipo kwao kama lilivyo kwetu Kasulu. Ni marefu kidogo. Yasomeni taratibu, na mwenye simu janja amsomee asiye nayo.

Jambo lenyewe ni pesa ndogo ndogo zinazochukuliwa kijiweni. Madereva wa bodaboda na bajaji walio wanachama wetu walileta hoja mbili mbele ya kamati. Ya kwanza: kuna watu wanapita vijiweni na daftari, wanachukua mia tano kwa huyu na elfu moja kwa yule, na mara nyingi hawaachi karatasi. Ya pili: karibu kila wiki unapita mchango. Leo wa mgonjwa, kesho wa msiba, keshokutwa wa nyumba ya ibada au wa mwenzetu aliyeanguka na pikipiki. Asiyetoa anarukwa kwenye foleni ya abiria. Wakatuomba tutoe tamko kwamba mwanachama wetu asilipe chochote kwa mtu yeyote.

Kamati ilikaa, ikasikiliza, na haikukubali kutoa tamko hilo. Tunajua wapo waliokasirika. Tunajua pia kwamba chama kinachosema "msilipe" kinapigiwa makofi kuliko kinachosema "ulizeni kwanza". Lakini tukisema msilipe, dereva atakayesimamishwa barabarani bila leseni ndiye atakayerudi nyumbani kwa miguu, si sisi tuliotuma ujumbe. Msimamo wetu ni huu: pesa yoyote inayochukuliwa barabarani iwe na idhini nyuma yake na karatasi mbele yake. Ikiwa na vyote viwili, tulipe. Ikikosa kimoja, tukatae kwa adabu, na tukatae pamoja.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa hili. Kodi ya maendeleo, ambayo huku tuliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilirudi halmashauri zilipoanzishwa upya miaka ya 1980, ikafutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo ulioitwa kodi za kero. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka mgambo kwenye njia ya soko, na wanaume wakikatisha kwenye migomba wasionekane. Stakabadhi ilitunzwa kuliko shati la sikukuu, kwa sababu ndiyo iliyokupitisha. Kuna mafunzo mawili hapo. Kodi mbaya inaweza kufutwa, watu wakiisemea kwa hoja na bila kuchoka. Na mpaka siku inapofutwa, mwenye stakabadhi ndiye anayelala usingizi.

Ndugu wanachama, mvurugano wa kijiweni unatokana na kuchanganya mifuko mitatu ambayo haifanani. Tuitenge.

MFUKO WA KWANZA: TOZO ZA SHERIA

Ibara ya 138 ya Katiba ya nchi yetu inasema kwa ufupi kwamba hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria ya Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria. Maana yake si mwenye daftari, si mwenye sauti kubwa, wala si mwenye kofia ya chama chochote, hata chetu, anayeweza kuamka asubuhi akaweka tozo.

Kwa dereva wa bodaboda na bajaji, tozo ya kwanza ya aina hii ni leseni ya usafirishaji. Mwaka 2009 sheria ilirekebishwa ili pikipiki na bajaji ziruhusiwe kubeba abiria kwa malipo, na mwaka 2010 zikatoka kanuni zake. Wakati huo msimamizi alikuwa SUMATRA, na kazi ya kutoa leseni hizo ikakasimiwa kwa halmashauri. Mwaka 2019 SUMATRA ikaondoka, ikaja LATRA. Ndiyo maana dereva wa zamani anasema leseni ni ya halmashauri na kijana wa juzi anasema ni ya LATRA. Mnachotakiwa kushika ni kwamba leseni ya usafirishaji ni ya chombo, inalipiwa kwa mwaka, na chombo kimoja kina leseni moja. Mtu akikuambia ulipie leseni kila siku au kila wiki, hiyo si leseni.

Msichanganye leseni hiyo na leseni ya udereva. Ya udereva ni yako wewe, unahama nayo hata ukibadilisha pikipiki. Ya usafirishaji inabaki na chombo. Ukiongeza kadi ya pikipiki na bima, karatasi za msingi ni nne. Wenye mkataba, yaani wanaomlipa mwenye pikipiki mpaka iwe yao, waandike kwenye mkataba nani analipia leseni ya usafirishaji na nani analipia bima. Ugomvi mwingi kati ya dereva na bosi wake unaanzia hapo: kila mmoja anadhani mwenzake amelipa, mpaka siku pikipiki inapokamatwa.

Tukiwa hapo, tuseme na la faini. Tangu bajeti ya mwaka 2021 faini ya papo hapo kwa kosa moja la bodaboda au bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Faini hiyo inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au kwa wakala. Noti inayoingia mfukoni mwa mtu kando ya barabara haijalipa faini. Imelipa mtu, na kosa lako bado lipo kwenye mfumo.

Tozo ya pili ni ushuru wa kituo au maegesho. Huu unawekwa na halmashauri kwa sheria ndogo, na sheria ndogo ina njia yake. Halmashauri inatangaza kusudio kwa wananchi na kupokea pingamizi. Baraza la Madiwani linapitisha. Inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na ikikubaliwa inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba. Namba hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekusanya si "kwa nini mnatuonea?" Swali ni "sheria ndogo namba ngapi, ya mwaka gani, na kiasi gani kimeandikwa?" Swali hili halina tusi ndani yake, na mtu mkweli halimkasirishi.

Halmashauri inaweza kumpa wakala kazi ya kukusanya. Hilo si kosa. Lakini wakala ana mkataba na halmashauri, na stakabadhi anayotoa ni ya halmashauri, inatoka kwenye mashine ya POS. Karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule haitoshi. Na mashine peke yake nayo haimalizi kazi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kwa mara juu ya fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo katika halmashauri za nchi yetu na kisha hazikufika benki. Ndiyo sababu tunawaomba madereva msitupe karatasi hizo. Stakabadhi yako ndiyo ushahidi kwamba pesa ilitoka. Usipokuwa nayo, hakuna atakayeweza kuuliza ilikwenda wapi.

Hapa kwetu Kasulu kuna jambo moja la zaidi. Tuna halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Dereva anayetoka Makere yuko kwenye Halmashauri ya Wilaya. Akimshusha mama mwenye gunia la maharage Murubona, amekwisha kuingia kwenye Halmashauri ya Mji. Siku moja, safari moja, mamlaka mbili. Je, anadaiwa ushuru pande zote mbili, au anayeshusha na kuondoka hadaiwi? Jibu linatakiwa kuwa kwenye maandishi ya sheria ndogo za kila halmashauri. Ndugu zetu wa Kibondo wao wana halmashauri moja, lakini nao wana safari za Mabamba na Kifura ambako dereva anakutana na kizuizi cha kijiji. Kijiji nacho kinaruhusiwa kutunga sheria ndogo, ila lazima ipite mkutano mkuu wa kijiji na ipate idhini ya halmashauri ya wilaya. Kamba iliyofungwa barabarani na vijana watatu si sheria ndogo.

MFUKO WA PILI: ADA YA UMOJA

Madereva wengi mna umoja wa kijiwe, wenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ni jambo jema. Ada ya umoja inaweza kumsaidia dereva aliyeumia, kununua turubai la kivuli, au kufungua njia ya mkopo. Lakini ada hiyo ni makubaliano ya wanachama. Si kodi. Inatoka kwenye katiba ya umoja, na anayeilipa ana haki ya kuona daftari. Kiongozi wa kijiwe anayechanganya ada ya umoja na ushuru wa halmashauri kwenye mfuko mmoja wa suruali anawadhulumu wenzake hata kama hali senti, kwa sababu siku akiulizwa hataweza kutenganisha.

Tufanye hesabu ya kawaida. Tuseme dereva anatoa elfu moja kwa siku kwa mtu mwenye daftari, na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 26,000 kwa mwezi, na 312,000 kwa mwaka. Ada ya mwaka mzima ya leseni ya usafirishaji ni sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Kijiwe cha madereva 20 wanaotoa hivyo kinatoa 6,240,000 kwa mwaka. Ndugu zangu, hizo si pesa ndogo ndogo tena. Ndiyo maana hatutaki mtu aseme "ni elfu moja tu". Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hawakusema kibaba cha nani.

Umoja uliosajiliwa na wenye hesabu safi una faida nyingine. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Kikundi kinachotaka kukopa kinaulizwa usajili, katiba, akaunti na kumbukumbu. Vijana wa kijiwe wasio na daftari watabaki kulipa hesabu ya bosi kila jioni, wakati wenzao wenye daftari wanapewa pikipiki za kikundi. Na mapato hayo ya ndani yanatokana na ushuru uleule tunaoubishania. Shilingi ya ushuru isiyofika benki haipungui kwenye hesabu za halmashauri peke yake. Inapungua pia kwenye mkopo wa kijana wa Kumwambu na dada wa Mwilamvya.

MFUKO WA TATU: MCHANGO WA HIARI

Huku kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa kutoa. Nyanda hizi zimepokea watu tangu 1972. Mwaka 2015, Warundi walipoingia kwa maelfu na kambi ya Nduta ikafunguliwa tena Kibondo, na Nyarugusu hapa Kasulu ikajaa, kulikuwa na familia zilizotoa mihogo, nguo na blanketi kabla ya gari la shirika lolote kufika. Hakuna aliyeomba kibali cha kumpa mtoto uji. Hilo tusilipoteze.

Lakini kumpa mwenye njaa chakula chako mwenyewe ni kitu kimoja, na kusimama barabarani na ndoo ukikusanya pesa za watu wengine kwa jina la mwenye njaa ni kitu kingine. Wa kwanza ametoa chake. Wa pili amepokea amana. Anayepokea amana anadaiwa maelezo.

Nchi yetu imeona mifano. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Watanzania walichanga. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wawili wa serikali mkoani humo, kwa tuhuma za kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Tuhuma ni tuhuma, na hatumhukumu mtu hapa. Tunachochukua ni funzo: hata kwenye msiba wa taifa, swali la kwanza ni akaunti ni ipi na imefunguliwa na nani. Desemba 2023, maporomoko ya matope yalipoua watu Hanang', michango iliratibiwa na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Mtu anayezunguka na ndoo Kasulu kwa jina la maafa ya mbali lazima aonyeshe kamba inayoifunga ndoo yake na mahali pesa inakokwenda.

Mfano mwingine ni wa shule. Januari 2018 Rais alipiga marufuku michango mashuleni kwa sababu watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa kukosa pesa. Mchango ambao usipoutoa mtoto anafukuzwa si mchango. Kwa mantiki hiyohiyo, mchango ambao dereva asipoutoa anarukwa kwenye foleni ya abiria si mchango pia. Ni tozo isiyo na sheria, iliyovalishwa kanzu ya huruma. Tunasema hili kwa wanachama wetu walio viongozi wa vijiwe: acheni leo.

Na wenye nia ya kuwasaidia wakimbizi, nao wajue njia. Kuingia kwenye kambi ya wakimbizi kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Anayewachangisha ninyi na kusema atapeleka mwenyewe kambini, mwombeni kibali hicho kabla ya shilingi ya kwanza.

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi. Picha ya mgonjwa inatumwa kwenye makundi kumi, na namba ya kutuma pesa inabadilishwa njiani. Picha ni ya kweli, mgonjwa ni wa kweli, namba ni ya mwizi. Kabla ya kutuma, piga simu kwa mtu unayemjua upande wa familia, na angalia jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli peleka kwenye namba 15040 ya TCRA, usiishie kuufuta tu.

HESABU YA TAWI

Hatuwezi kudai daftari la wengine huku la kwetu limefungwa. Mwezi uliopita tulimchangia dereva mwenzetu aliyevunjika mguu. Hatutaji jina lake hapa, kwa sababu umaskini wa mtu si tangazo. Hesabu ni hii:

Makusanyo
Vijiwe vinne: 186,000
Wanachama wa tawi: 143,500
Kwa simu: 83,000
Jumla: 412,500

Matumizi
Malipo ya hospitali: 265,000
Usafiri wa mgonjwa: 38,000
Chakula cha mama yake aliyemuuguza: 42,000
Makato ya kutoa pesa kwenye simu: 3,500
Jumla: 348,500

Salio: 64,000

Kwenye kamati lilitolewa wazo kwamba salio lilipie pango la ofisi, kwa kuwa mgonjwa ameshatoka na ofisi inadaiwa. Lilikuwa wazo la watu wanaolipenda tawi, na pango kweli tunadaiwa. Tukalikataa. Waliotoa mia tano zao kijiweni hawakuulizwa kuhusu pango. Wengine si wanachama wetu, na wengine ni wa vyama vingine. Pesa ya mguu haiwezi kugeuka pesa ya bendera. Salio limekabidhiwa kwa familia mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao si wa chama chetu, na wamesaini. Karatasi zote ziko ofisini. Njooni mzione, siku yoyote ya wiki, hata asiye mwanachama kama alichangia.

Kwa pango la ofisi tutawaita wanachama peke yao, tutasema ni pango, na kila atakayetoa ataandikiwa stakabadhi ya chama.

MAAZIMIO

Mkutano ulikubaliana haya.

1. Kila mwanachama dereva atunze kila karatasi anayopewa kwa siku 30 kuanzia Jumatatu. Asiyepewa karatasi aandike tarehe, mahali na kiasi, asiandike tusi. Picha zitumwe kwa katibu wa tawi, zisitumwe kwenye makundi.

2. Tutaandika barua kwa wakurugenzi wa halmashauri zote mbili za Kasulu kuomba nakala ya sheria ndogo ya ushuru wa vituo, na orodha ya mawakala wanaoruhusiwa kukusanya. Wenzetu wa Kibondo wataandika yao. Tutatumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Tunaandika kuuliza. Hatujamtuhumu mtu wala ofisi.

3. Ikionekana ushuru una sheria, tutalipa, na tutadai unachopaswa kutuletea: kivuli, choo, taa ya kituo. Tukiuona ni mkubwa, tutaupinga kupitia diwani na Baraza la Madiwani. Vikao vya baraza ni vya wazi, na safari hii tutakwenda tukae kwenye viti vya wasikilizaji, tusiishie kulalamika nje ya ukumbi.

4. Ikionekana hauna sheria, tutasema hadharani kwamba hatulipi, na majina ya viongozi wa tawi ndiyo yatakayotangulia kwenye barua. Dereva hataachwa peke yake. Anayelazimishwa kutoa pesa bila stakabadhi ana TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

5. Hakuna mchango wowote utakaokusanywa kwa jina la tawi hili bila mambo matano: jina la anayechangiwa likijulikana kwa kamati, idhini ya familia, kibali cha serikali ya mtaa au kijiji kwa makusanyo ya hadharani, tarehe ya kufunga, na hesabu kusomwa ndani ya siku 14 baada ya kufunga. Hakuna kukusanya mchango wa msiba au ugonjwa ukiwa umevaa sare ya chama. Mgonjwa asipigiwe kampeni.

6. Mchango ukipita kwenye simu, pesa ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi ambayo haitoi mpaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe. Namba binafsi ya katibu, ya mwenyekiti au ya mtu yeyote isitumike.

Tulipomaliza kuyasoma maazimio haya, mwanachama mmoja aliuliza kwa nini tujitwishe masharti ambayo hata wengine wenye mamlaka kubwa hawajitwishi. Tulimjibu hivi. Sisi hatuna mgambo, hatuna mahakama, hatuna mashine ya POS. Kitu pekee tulicho nacho mbele ya dereva wa Kabanga au mama muuza tangawizi ni kwamba tukisema pesa imefika, anaamini. Hiyo ikipotea, hata tukipewa halmashauri nzima hatutajua la kufanya nayo, na watu watatukatisha kwenye migomba kama walivyowakatisha wenye kodi ya kichwa.

Na ndugu yetu mwingine, dereva, alisema yeye atachoka kutunza vikaratasi siku 30. Tunamwelewa. Jasho, vumbi na mvua ya Kasulu si rafiki wa karatasi. Chukua mfuko wa nailoni, weka chini ya kiti cha pikipiki. Jioni ukishahesabu hesabu ya bosi na mafuta, piga picha moja. Ni kazi ya dakika mbili. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunataka safari hii habari ipatikane.

Mkutano ujao ni Jumapili ya kwanza baada ya siku 30 hizo kwisha, saa nane mchana, ofisi ya tawi. Tutasoma majibu ya barua kama yamekuja. Yasipokuja, tutasoma tarehe tuliyoandika na siku zilizopita. Viongozi wa vijiwe waje na madaftari yao.

Ujumbe huu unaruhusiwa kusambazwa kama ulivyo. Usipunguzwe, usiongezwe, na namba ya mtu ya kutuma pesa isiwekwe chini yake. Ukiuona una namba ya pesa, jueni si wetu.



Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi, Kasulu, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.